Mlinzi Asiyepiga Baragumu



Mara hii nawaletea kisa kutoka Uingereza, ambako bwana na bibi waliofunga ndoa katika parokia yetu wanafanya kazi ya uuguzi. Wamenipa ruhusa nikisimulie bila kuwataja majina.

Nchi hiyo ina mifereji iliyochimbwa na watu zaidi ya miaka 200 iliyopita, ya kusafirishia makaa ya mawe, mashua zikivutwa na farasi. Siku hizi watu huenda huko kwa likizo. Mashua ni ya chuma, ndefu kama basi, lakini upana wake ni mita 2 na kidogo tu, na mwendo wake ni wa mtu anayetembea kwa miguu. Ndani mna vitanda na stovu ya kuni. Aendeshaye husimama nje, nyuma kabisa, apigwe na upepo. Wenzetu hawa waliikodi mwezi wa Februari, shule zilipofungwa kwa wiki moja, wakati wa baridi kali. (Nao huko, hata wakitetemeka, hawazibi matundu ya hewa, kwa sababu moshi wa stovu waweza kuua usiku. Wewe unayelala na jiko la makaa chumbani, umesikia?)

Niseme ukweli, hawakwenda kwa furaha. Bwana alikuwa ametuma akiba yao yote nyumbani ili amjengee mama yake, na bibi akaipata habari hiyo kwa shemeji. Tangu siku hiyo walizungumza mambo ya watoto tu. Wengine wetu tunaijua nyumba ya namna hiyo: chakula kinawekwa mezani, nguo zinapigwa pasi, neno hakuna. Sasa wakajikuta katika chumba cha mita mbili, nje mvua ya baridi, na pa kukimbilia hapana.

Kusini ya Birmingham, mahali paitwapo Tardebigge, mfereji unateremka mlima kwa vyumba vya maji 30. Kila chumba kina malango mbele na nyuma. Mashua ikishaingia, malango hufungwa, maji hutolewa polepole, nayo hushuka hadi usawa wa mfereji unaofuata. Kazi yataka wawili. Mmoja hushika usukani. Mwenzake husimama juu ukingoni, akifungua na kufunga njia za maji kwa mkono wa chuma. Hatari iko nyuma. Chini ya lango la nyuma mna kizingiti cha mawe kisichoonekana maji yakiwa juu. Mkia wa mashua ukikalia kizingiti hicho huku maji yakipungua, upande wa mbele huinama, na mashua yaweza kuzama kwa dakika chache.

Bwana alikuwa akitazama mbele, amejikunyata. Mashua ikarudi nyuma taratibu asijue. Bibi aliona. Lakini katika chumba kilichotangulia alikuwa amefokewa mbele ya watoto kwamba hajui kazi. Aliniambia hivi: "Mwalimu, nilinyamaza. Nikasema moyoni, si yeye ndiye anayejua yote? Acha aone."

Labda ulikuwa muda wa kusali nusu ya Salamu Maria. Ndipo akamsikia mtoto wao mdogo akicheka ndani. Akapaza sauti, "Baba watoto, peleka mbele!" Akakimbia kuziba maji. Vikombe vilikuwa vimeshaanguka. Wakafungulia maji ya juu, chumba kikajaa tena, mashua ikaelea.

Nabii Ezekieli, sura ya 33, anasema juu ya mlinzi anayeuona upanga unakuja asipige baragumu. Damu ya watu itatakwa mkononi mwake. Mama, unapoona mumeo anaharibikiwa na madeni au ulevi ukasema "acha aone", kumbuka ni nani wamelala ndani ya mashua hiyo. Nawe baba, ni nani aliyemziba mlinzi wako mdomo? Ukimfokea mwanamke leo kwa kukuonya, kesho hatakuonya. Atakutazama tu. Mimi mwenyewe nimewahi kutazamwa hivyo, na sikupenda. Bwana wetu katika Mathayo 18 anatufundisha kumwendea aliyetukosea, tuseme naye tukiwa wawili tu. Si kupitia shemeji, wala mbele ya watoto.

Jioni ile, watoto walipolala, bwana alikaa karibu na stovu akaeleza habari ya fedha tangu mwanzo, hata kiasi alichokuwa amekificha. Bibi alilia, kisha akamweleza ile nusu ya Salamu Maria. Aliniambia kwamba hilo lilimwogopesha bwana kuliko maji.

Nyumba ya mama bado haijaezekwa. Wamekubaliana kuimaliza kidogo kidogo. Siku ya kurudi walipaswa kupanda vyumba vile vile 30. Bibi ndiye aliyeshika usukani, na bwana akauchukua mkono wa chuma.