Mwokozi wa Hiari na Deni la Haki

Sisi watu wa Kolwezi tu mbali na bahari. Hata hivyo twataka kuanza na habari ya kisiwa, maana yahusu pia mashimo yetu ya shaba.

Kisiwa hicho chaitwa Man, kati ya Uingereza na Ayalandi. Bwana William Hillary alikaa pale mjini Douglas, akaona merikebu zikivunjika na watu wakifa maji. Mwaka 1824, kwa juhudi yake, kilianzishwa chama cha mashua za kuokolea, na mpaka leo wengi wa mabaharia wake ni watu wa kujitolea. Yeye hakuagiza wengine tu. Novemba 1830, merikebu St George ilipokwama mwambani mbele ya Douglas, aliingia mashuani pamoja na wenzake, umri wake karibu miaka 60, naye hajui kuogelea. Wimbi likamtupa majini, akavunjika mbavu. Lakini watu wote wa merikebu waliokoka.

Basi twauliza: je, walilazimika kwenda? Kwa haki, hapana; hakuna awezaye kumdai jirani uhai wake. Ni mapendo yaliyowatuma, kama yalivyomtuma Msamaria mwema. Lakini mtu akiisha kutoa neno lake, wengine humtegemea. Hapo hiari imegeuka ahadi, na ahadi ni deni. Kwa hiyo moyo mwema hautoshi: yapasa mazoezi, kamba nzima na mashua tayari, maana mwokozi asiye na busara huongeza idadi ya maiti.

Kwetu Kongo pia wako waokozi. Machi 2023, huko Kivu ya Kusini, shimo la dhahabu liliporomoka. Wenzao wakafukua udongo kwa koleo na kwa mikono, wakatoka watu 9, mmoja mmoja, wazima. Twawasifu kwa moyo wote.

Lakini tujihadhari. Dhoruba haina mwenyewe. Shimo lina mwenyewe. Juni 2019, katika machimbo ya KOV hapa Kolwezi, udongo uliwafunika wachimbaji wa mikono, wakafa zaidi ya 40. Wengine husema: wachimbaji huingia kwa hiari yao. Hiari ya mtu ambaye watoto wake wana njaa ni nyembamba sana! Anayewapeleka watu chini ya udongo usio na nguzo, anayenunua madini yao bila kuuliza, na mkubwa anayefumba macho, wasijifiche nyuma ya ushujaa wa maskini. Wanyang'anyi hawakuondolewa kosa lao kwa kuwa Msamaria alipita njiani.

Basi Wakristu, tujifunze kuokoa, na tusichoke kudai haki. Mapendo hayangoji haki ifike kwanza, lakini hayawezi kuwa kisingizio cha kutoilipa.