Mizani ya Ini na Mizani ya Soko

Mwili wa binadamu umesimama juu ya mizani, na kila kiungo kimepewa amana yake. Tulapo, kongosho hupeleka homoni ya insulini katika damu, na ini likaweka akiba ya sukari. Tufungapo saumu, kongosho hilo hilo hupeleka glukagoni, na ini likaitoa akiba ile kidogo kidogo, ubongo usikose chakula mpaka jua litue. Tena ni ini livunjalo sumu ziingiazo tumboni.

Lakini mizani hii ina mpaka wake. Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos, watu 20 walilazwa hospitali kwa maradhi ya ini, na 12 kati yao wakafa. Walikuwa wamekula mahindi yaliyoota ukungu. Mwaka 2004 msiba ulirudi kwa ukubwa zaidi huko Makueni na Kitui, ukagusa Machakos pia: watu 317 waliugua, 125 wakafa. Mahindi yalikuwa yamewekwa kabla ya kukauka, na mengine yaliuzwa madukani. Sumu ya ukungu huo haiondolewi na moto wa jikoni. Na ini likijaribu kuivunja, hapo ndipo izidipo ukali: mlinzi hujeruhiwa katika kuitimiza amana yake.

Basi muuzaji aliyepima sawasawa, asipunguze hata punje moja, je, ametimiza mizani? Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta majimaji chini ya ukavu. Maji yalikuwa ya mvua, lakini alimlaumu mwenye mali kwa kuyaficha. Kwa hiyo kutojua ni udhuru wa asiyeweza kujua. Ama aogopaye kufungua gunia asije akaona, huyo amekwisha kujua.

Atasema: mimi ni maskini, na gunia hili ndilo mali yangu yote. Ni kweli, wala si haki kumwachia hasara hiyo peke yake; majirani na wenye nafasi yawapasa waibebe pamoja naye. Lakini anunuaye mahindi ya bei ndogo huenda ni maskini kuliko yeye. Gunia hulipika kwa mchango, ini halilipiki.

Nasi watu wa pwani, wenye joto na unyevu, tusidhani kuwa jambo hili ni la bara tu. Tukaushe nafaka, tuiinue juu ya sakafu, na iliyoota ukungu tuitupe. Kiungo kisicho na akili hakivunji amana yake. Itakuwaje avunje mwenye akili?