Je, Hatari Yangu ni Yangu Peke Yangu?

Huko Ujerumani, katika milima ya Eifel, upo uwanja wa mashindano ya magari uitwao Nürburgring, uliofunguliwa mwaka 1927. Njia yake ya kaskazini ina urefu wa kilomita 20.8 hivi. Mwishoni mwa juma, kama hakuna mashindano, mtu wa kawaida aweza kulipa ada, akaingia na gari lake la kasi na kuzunguka mpaka moyo uridhike. Ukimwonya, atakujibu: "Gari langu, fedha zangu, maisha yangu. Wewe yakuhusu nini?"

Jibu hilo lina uzito, maana mtu mzima si mtoto wa kuchungwa. Lakini tukumbuke tarehe 1 Agosti 1976. Niki Lauda, bingwa wa dunia wa mwaka 1975, alipata ajali papo hapo, gari likawaka moto naye yumo ndani. Madereva wenzake wanne walisimama, wakauendea moto, wakamtoa. Hawakuuliza kwanza hatari ile ni ya nani.

Basi simkatazi mtu kuzunguka. Namwomba tu atambue kwamba kila aongezapo mwendo, anakopa ujasiri wa watu ambao huenda hawajui hata kwa majina. Deni hilo halimo katika ada ya langoni. Hulipwa kwa kujua pa kupunguza mwendo.