Mkate Kwanza, Maswali Baadaye

Mwanangu, ukikuta mtu wa nyumbani mwako ameingiwa na shaka, usitangulize kidole. Injika sufuria jikoni.

Hili nilijifunza mwaka nilipomzika kifungua mimba wangu, hapa Ruanda ya Mbozi, kahawa ikianza kuiva. Nilikwenda ibadani, midomo ikaimba, moyo umejifungia. Mzee mmoja akaniuliza mbele za watu, imani yangu imekwenda wapi. Majuma mengi sikukanyaga tena kanisani. Aliyenirudisha ni jirani, mama mtu mzima, aliyeniletea uji wa ulezi asubuhi tatu mfululizo. Hakuhubiri. Aliketi kwenye kigoda mpaka nikamaliza kikombe, akachukua chombo chake, akaenda kuanika kahawa yake.

Ndipo nikamsoma Eliya upya. Yule aliyeomba moto ukashuka Karmeli, muda si mrefu anamkimbia Yezebeli, analala chini ya mretemu na kuomba afe. Malaika anamgusa mara mbili, na mara zote mbili anamwambia ale. Kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Swali la Mungu linamfikia Horebu, baada ya mwendo wa siku 40. Utazame vizuri utaratibu huo, wewe unayependa kuwahoji waliochoka.

Tena Yohana Mbatizaji. Ndiye aliyemtambulisha Yesu kwa watu, lakini akiwa gerezani anatuma wanafunzi wakamwulize kama ni yeye, au wamngojee mwingine. Yesu hakuudhika. Aliwaambia wakamsimulie waliyoyaona na kuyasikia, jinsi vipofu na viwete walivyoponywa. Na wajumbe walipokwisha kuondoka, akamsifu Yohana mbele ya makutano. Adabu kubwa imo humo: mwenye shaka akishatoka, atajwe kwa mema. Sisi akitoka tu tunamjadili mpaka chai inapoa.

Nanyi wazee wenzangu, msifiche udhaifu wenu mbele ya vijana. Traugott Bachmann, mmisionari wa Kimoravian aliyeanza kazi Mbozi mwaka 1899 miongoni mwa Wanyiha, kumbukumbu zake zina jina la Kijerumani linaloweza kumaanisha kwamba aliwakwaza watu. Mzee akithubutu kukiri hivyo, kijana naye hupata pa kuanzia kusema lake.

Petro ndiye ninayemrudia mara nyingi. Alimkana Bwana wake akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Baada ya kufufuka, Yesu aliwasha moto mwingine wa makaa ufukweni, samaki juu yake, na mkate. Aliwalisha kwanza. Walipokwisha kula akamwuliza Petro mara tatu kama anampenda, hesabu ileile ya kukana kwake, na kwa kila jibu akamkabidhi kondoo wake. Habari za usiku ule hakumtajia hata mara moja.