Laptopu: Hitaji au Tamaa?



Mdogo wangu anajifunza kutengeneza programu za kompyuta. Juzi alinitumia picha ya laptopu mpya, nyembamba, inang'aa. Bei yake ilizidi mkopo wote ambao mama angeweza kuchukua kwenye kikoba. Nikamjibu haraka, "Chukua ya bei ya chini kabisa. Ufukara ni fadhila." Akanijibu, "Kaka Frateri, na jembe butu nalo ni fadhila?"

Nikanyamaza. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba mali ni chombo, na chombo hupimwa kwa lengo lake. Basi swali si "ipi ghali?" wala "ipi rahisi?", bali "ni ya kazi gani?" Mashine yenye RAM ya GB 4 ingemkwamisha kila siku. Ule ulikuwa ubahili wangu tu, nimeuvika kanzu. Na ile inayong'aa? Mwenyewe alikiri: ilikuwa ya kuwatambia wenzake.

Tukakubaliana achukue iliyotumika: RAM GB 16, SSD, kibodi nzima, betri iliyopimwa. Haina mvuto, ila inapiga kazi, na mama habebi deni la majivuno ya mtu.

Mtakatifu Carlo Acutis alitumia kompyuta kueneza habari za miujiza ya Ekaristi. Nani anauliza ilikuwa kompyuta ya aina gani?

Kijana mwenzangu, kabla hujanunua, jiulize mbele ya Mungu: hii ni ya kazi, au ya macho ya watu? Na atakayelipa ni nani?

Tafakari njema.