Bakora na Adabu ya Ulimi

Katika darsa yetu ya baada ya Magharibi kijana mmoja aliuliza swali ambalo usiku ule sikuweza kulijibu kama lilivyostahiki. Alisema: "Sheikh, dini yetu imetukataza kutukanana na kuitana majina mabaya. Huko Marekani nako wametokea watu wakakataza maneno ya kuwadharau watu weusi, na wanawake, na wageni, na Waislamu. Mbona basi Wamarekani wengi wamewachukia hao wakatazaji, na wengine wakampenda kiongozi kwa kuwa hachagui maneno? Je, watu wale wanapenda matusi?" Nilimwomba anipe muda. Haya ndiyo majibu yangu, na nayaandika hapa ili wasomaji wetu nao wayapime, kwani jambo lenyewe si la Wamarekani peke yao.

Kwanza yatupasa kulijua jambo kabla ya kulihukumu. Wamarekani wana msemo ambao kwa lugha yetu maana yake ni "usahihi wa kisiasa". Mwenye usahihi huo ni yule ayaepukaye maneno yanayowavunjia watu heshima kwa rangi yao, au dini yao, au hali yao, akatumia badala yake maneno yaliyokubaliwa. Katika miaka ya 1970 wapenda mageuzi walikuwa wakitaniana wenyewe kwa wenyewe kwa msemo huo, wakimcheka mwenzao aliyezidi ukali katika mambo madogo. Baadaye mahasimu wao wakauokota, wakaufanya silaha.

Tutazame yaliyotokea katika Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1987 wanafunzi weusi wa chuo hicho walitukanwa kwa karatasi zilizosambazwa na kwa mizaha ya redio ya wanafunzi. Wakuu wa chuo, kwa kutaka kuwalinda, wakaweka mwaka 1988 kanuni ya kuwaadhibu watu kwa maneno yao. Mwaka 1989 mahakama iliibatilisha, ikisema kwamba mipaka yake haieleweki, na kwamba inakataza hata maneno ambayo katiba ya nchi imeyaruhusu. Mwezi wa Mei 1991 Rais George Bush, yule baba, alihutubia wahitimu wa chuo hicho hicho, akakiri kwamba jambo hili limetokana na nia njema ya kufagia ubaguzi, walakini akaonya kwamba limeondoa chuki ya zamani na kuweka mpya mahali pake. Mwaka uliofuata, katika mkutano mkuu wa chama chake uliofanyika Houston, Patrick Buchanan aliwatangazia watu kwamba nchi yao imo katika vita vya utamaduni. Tangu hapo neno "vita" halikuwatoka mdomoni. Na mwezi wa Agosti 2015, Donald Trump alipoulizwa mbele ya watazamaji wa televisheni juu ya maneno aliyokuwa akiwatukania wanawake, alijibu kwamba tatizo kubwa la nchi ni huo usahihi wa kisiasa, na kwamba yeye hana wakati nao. Alipigiwa makofi. Mwaka uliofuata alishinda uchaguzi. Hatusemi kwamba jibu lile ndilo lililompa ushindi. Mambo ya dola yana sababu nyingi. Twasema tu kwamba mtu aliulizwa juu ya matusi yake, akajibu kwa kuwalaumu wakatazaji wa matusi, na watu wakaona amesema kweli.

Je, walimpigia makofi kwa kupenda matusi? Mwaka 2018 jumuiya iitwayo More in Common ilitoa uchunguzi wake juu ya Wamarekani. Katika kila watu 100, 80 walisema kwamba usahihi wa kisiasa ni tatizo katika nchi yao. Na katika watu hao hao 100, 82 walisema kwamba maneno ya chuki nayo ni tatizo. Mwenye kujua hesabu ataona kwamba hayo hayawezi kuwa makundi mawili yaliyotengana: kwa uchache kabisa watu 62 katika kila 100 waliyasema yote mawili. Hata miongoni mwa watu weusi, ambao ndio wa kwanza kuumizwa na matusi, 75 katika kila 100 waliulalamikia usahihi huo. Basi kijana wetu ameshapata nusu ya jibu. Watu wale hawapendi matusi. Kipo kitu kingine walichokichukia, nacho kinahitaji kuelezwa. Mimi nilikijua kwa mkono wangu mwenyewe kabla sijakisoma mahali popote.

Zamani kidogo nilikuwa nikisomesha watoto chuoni. Siku moja nilimsikia mtoto mmoja akimwita mwenzake "mtumwa", kwa kuwa ukoo wake ulisemwa kuwa uliletwa huku pwani katika zama za biashara ile ovu. Nilighadhibika, na ghadhabu ile naamini mpaka leo kwamba ilikuwa ya haki. Nikamchapa bakora aliyesema, mbele ya wote, nikatangaza kwamba yeyote atakayelitamka neno lile atapata mfano wake. Neno likakoma. Sikulisikia tena, nami nikajiona nimeondoa munkari kwa mkono wangu.

Baada ya miezi, mama wa yule mtoto aliyetukanwa alinijia, akasema: "Maalim, mwanangu hataki tena kuja chuoni. Hawamtukani, la. Hawamsemezi. Akikaribia huambiana, 'Muacheni huyo, msije mkachapwa.' Na wamempa jina jipya, Maalim. Wamwita Bakora."

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimelitoa neno katika ndimi zao, na dharau nikaisukuma ndani ya vifua vyao, mahali nisipoweza kuiona; na aliyelipa gharama ni yule niliyedai kumlinda. Kisha nilipochunguza nilikuta jambo la kunitia haya zaidi. Mtoto niliyemchapa hakulizua neno lile. Alilisikia barazani kwao, kwa watu wazima niliokuwa nikinywa nao kahawa, nikiwaamkia kwa heshima, na siku zote walipolisema neno hilo mimi nilitazama pembeni. Nilimpiga mdogo kwa sababu alikuwa karibu na mkono wangu, na wakubwa nikawaogopa. Mtoto aliyetukanwa alihamishiwa chuo kingine, wala sikupata kumtaka radhi ila baada ya kuwa mtu mzima.

Sasa, msomaji, utaona kwa nini nimekitafakari sana kisa kilichotokea Oktoba 2022 katika Chuo Kikuu cha Hamline, mjini Saint Paul, katika jimbo la Minnesota. Mwalimu wa historia ya sanaa aliwaonyesha wanafunzi wake picha ya kale iliyomo katika kitabu cha historia cha Rashid al-Din, waziri Mwislamu wa Uajemi wa karne ya 14. Picha hiyo yamsawiri Mtume (s.a.w.) akiteremshiwa wahyi. Mwalimu alikuwa ametangulia kuwaonya kwa maandishi mwanzoni mwa masomo, na kwa mdomo siku yenyewe, ili asiyetaka kuitazama asiitazame. Mwanafunzi mmoja Mwislamu aliumizwa, akashtaki. Wakuu wa chuo walitangaza kwamba tendo lile ni chuki dhidi ya Uislamu, na mwalimu hakupewa kazi muhula uliofuata. Naye hakuwa mwalimu wa kudumu; alikuwa wa mkataba wa muhula kwa muhula, yaani mdogo kuliko wote, aliye karibu na mkono.

Mimi ni katika wasemao kwamba kumsawiri Mtume (s.a.w.) hakufai, na lau ningekuwa darasani mle ningetoka nje. Wala simlaumu mwanafunzi kwa kuumia moyo. Lakini Qur'ani imetuamrisha katika Suratul Maida kwamba kuwachukia watu kusitufanye tuache kuwatendea uadilifu. Ikiwa hivyo ndivyo kwa adui, je, mtu asiyekusudia uadui, aliyeonya mara mbili kabla ya kutenda? Mwezi wa Januari 2023 jumuiya mbili kubwa za Waislamu wa Marekani zilisema wazi juu ya jambo hili. Moja ilimtetea mwalimu. Ya pili, ambayo tawi lake la Minnesota lilikuwa upande wa mwanafunzi, ilisema kupitia makao yake makuu kwamba haikuona dalili ya mwalimu kukusudia chuki. Nao wakuu wa chuo wakarudi nyuma katika neno lao. Lakini jambo lilikwisha enea, na kila asiyetupenda alipata la kusema: ati Waislamu wakikasirika, walimu hupoteza kazi. Waliotaka kutukinga walikuwa wametupa sisi nasi jina la Bakora.

Na bakora ina tabia moja ambayo mwenye kuishika huisahau: huhama mkono. Tarehe 20 Januari 2025, siku Trump aliporudi katika urais, alitia saini amri ya kurudisha uhuru wa kusema, na nyingine ya kufuta mipango ya serikali ya usawa wa watu wa kila namna. Siku hiyo hiyo alitia saini amri ya kuibadilisha jina Ghuba ya Meksiko iwe Ghuba ya Amerika. Shirika la habari la Associated Press liliendelea kulitumia jina la zamani, na mwezi wa Februari waandishi wake wakaanza kuzuiliwa kuingia ofisini kwa Rais. Waliokuwa wakipiga kelele kwamba hawataki kufundishwa maneno, sasa walikuwa wakiwaadhibu wenziwao kwa neno moja. Mwezi wa Machi mwanafunzi Mwislamu kutoka Uturuki, wa Chuo Kikuu cha Tufts, alikamatwa njiani na maafisa waliofunika nyuso zao, akazuiliwa zaidi ya majuma sita mpaka hakimu alipoamuru aachiliwe. Serikali ilimtuhumu kuwaunga mkono Hamas. Na kilichojulikana kwamba alikifanya ni makala aliyoiandika mwaka 2024 pamoja na wenziwe katika gazeti la wanafunzi, juu ya Palestina na msimamo wa chuo chao. Basi mikono ilibadilika, na pigo likamwangukia mnyonge yule yule.

Huenda msomaji akasema: "Sheikh, wataka tunyamaze, watu watukanwe?" La. Yako maneno ambayo sheria haina budi kuyashika, nayo ni yale yanayowaita watu kumwaga damu. Hapa Kenya tuliyaona matunda yake mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, na sheria iliyowekwa mwaka 2008 juu ya uchochezi wa chuki baina ya makabila haikuwekwa kwa upuuzi. Tofauti ni kubwa baina ya mtu anayechochea nyumba ya jirani ichomwe, na mtu aliyekosea neno, au aliyeuliza swali kwa ujinga, au aliyerithi lugha mbaya kwa wazazi wake. Wa kwanza ni wa kadhi na askari. Wa pili ni wa mwalimu, na mwalimu hana silaha ila subira yake na mwendo wake.

Twajua kutoka katika Sahihi ya Bukhari kisa cha Abu Dharr, sahaba mkubwa, aliyemtukana mtu kwa mama yake. Mtume (s.a.w.) hakulipuuza neno lile. Alimkabili aliyesema, akamwambia wazi kwamba bado ndani yake mna ujahili. Neno hilo kwa sahaba lilikuwa zito kuliko kiboko. Walakini hakumfukuza, wala hakumfanya kitisho cha wengine. Alimfundisha kwamba walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, tuwalishe tulacho na tuwavishe tuvaacho. Na baada ya miaka watu walimwona Abu Dharr amevaa nguo sawa na ya mtumishi wake, wakamuuliza sababu, naye mwenyewe akawasimulia aibu yake. Zingatia: aliyekosea ndiye aliyekuja kulisomesha kosa lake. Mtu aliyechapwa hadharani hafanyi hivyo; yeye hungoja siku yake.

Basi jibu langu kwa kijana wetu ni hili. Waliokataza matusi walikuwa na haki katika walilolikataza. Walikosea pale walipofanya woga kuwa mahali pa adabu, wakaona kwamba ulimi ukinyamaza moyo nao umetii. Wapinzani wao wakaikusanya aibu ile yote iliyokuwa imenyamaza, wakaigeuza kuwa kura. Na kosa la wapinzani ni kubwa zaidi, kwa kuwa waliwaahidi watu uhuru, kisha wakaitwaa bakora ile ile. Mwenye kutaka kumlinda mnyonge na ajiulize mambo mawili kabla hajanyanyua mkono: ninayempiga ndiye mwenye kosa, au ndiye aliye karibu tu? Na bakora hii nikiiacha, kesho nani ataiokota, na atampiga nani?

Mimi barazani sasa neno lile likisemwa sitazami pembeni. Hulikataa kwa mwenye kulisema, taratibu, yeye na mimi, na mara nyingine hunichukua usiku mzima na kahawa yote. Wengine wamekasirika, na wawili wameacha kuniamkia. Lakini wako walioacha kulisema hata nisipokuwapo. Na hilo nimelijua kwa watoto wao.

Wabillahi tawfiq.