Machozi na kicheko: je, uso ni shahidi wa moyo?

Desturi zetu zinatufundisha kusoma moyo wa mtu ku uso wake. Ku kilio, kila anayefika anaangaliwa: nani analia kweli, nani macho yake ni makavu, nani anajificha nyuma ya kitambaa. Machozi ni heshima kwa marehemu na ni faraja kwa wafiwa. Lakini kicheko mbele ya maiti ni tusi, na mara nyingi kinahesabiwa kuwa zaidi ya tusi: kinakuwa ushahidi. Hata kabla ya kwenda makaburini, maneno yanaanza kuzunguka pembeni ya moto: "Munaona? Njo yeye alimukula."

Swali tunalotaka kuweka mbele ya wasomaji ni hili: mtu mwenye kucheka pasipo kutaka na pasipo furaha, ana kosa gani? Na sisi wenye kumuhukumu, tunatosha wapi haki hiyo?

Swali hili si la vitabu tu. Mu mtaa mmoja wa Lubumbashi tunamujua mzee mmoja, mtumishi wa zamani wa reli. Tansio ilipanda, akapigwa na kiharusi, ile watu wengi wanaita AVC. Mkono na mguu wa kushoto vililegea, lakini akili yake ilibaki nzima: anajua tarehe, anajua madeni yake, anajua majina ya wajukuu wote. Miezi michache kisha, jambo lingine likaanza. Ukimusalimia tu, analia kwa sauti kama mtoto. Ukimuletea habari ya huzuni, pengine anacheka mpaka anakosa pumzi. Inachukua dakika moja ao mbili, kisha inakatika, naye anabaki na haya. Siku ya maziko ya mdogo wake, alicheka mbele ya sanduku. Vijana walimutosha inje. Kisha alisema neno moja tu: "Haiko miye njo nacheka." Tangu siku ile, watu wa nyumba yake wanamufungia ndani. Vilio, ndoa, mikutano ya ukoo, vyote vinapita pasipo yeye.

Wanganga wa hospitali wanaujua ugonjwa huu tangu zamani. Mwaka wa 1872, Charles Darwin, mu kitabu chake juu ya namna watu na wanyama wanavyoonyesha hisia, aliandika kama magonjwa fulani ya ubongo yanamufanya mtu alie kwa urahisi sana. Mwaka wa 1924, munganga wa Uingereza, S. A. Kinnier Wilson, alitoa uchunguzi wake juu ya kicheko na kilio vya ugonjwa. Vinaweza kufuata kiharusi, jeraha la kichwa, uvimbe mu ubongo, ao magonjwa yenye kula mishipa ya fahamu pole pole.

Namna inavyotokea, tunaweza kuieleza hivi. Kucheka na kulia ni kazi ya mwili: pumzi, koo, midomo, macho. Kazi hiyo inaongozwa na sehemu ya chini ya ubongo, ile inayoungana na uti wa mgongo. Sehemu za juu ndizo zinaangalia mahali na wakati, na kusema: sasa ndiyo, sasa hapana. Ugonjwa ukikata njia kati ya juu na chini, sehemu ya chini inatumika pasipo kungoja ruhusa. Kitu kidogo, kama salamu ao sura ya mtu, kinatosha kuiamsha. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kucheka na huku moyo wake unavunjika. Na ndiyo maana kumukaripia hakusaidii: sauti ya kumukataza haina njia ya kupita. Tena tusichanganye jambo hili na huzuni ile inayomukalia mtu wiki na wiki. Mwenye kulia kwa ugonjwa huu, machozi yakikatika, anaweza kuendelea na mazungumzo yake palepale alipoyaacha.

Wengine watatujibu: "Nyinyi walimu munaleta mambo ya wazungu. Wazee wetu walijua kwamba uso hausemi uongo." Ni kweli wazee walisema hivyo? Tuangalie desturi zenyewe. Ku vilio vyetu kuna wanawake wanaojua kulia. Wakifika ku mlango wa kiwanja wanaanza kulia kwa nguvu. Wakiisha kukaa, wanauliza bei ya unga ku soko. Hakuna anayewaita waongo. Tunajua kwamba machozi yale ni heshima, na heshima inaweza kutangulia huzuni, ao hata kukosa huzuni. Basi, kama tunakubali machozi pasipo huzuni, kwa nini tunakataa kicheko pasipo furaha?

Tena kuna bunungwe. Kwa Wabemba na majirani wao, koo fulani ni watani: ukoo wa mamba na ukoo wa samaki, ukoo wa chui na ukoo wa mbuzi. Mtani anafika ku kilio, anachekesha watu, anamusema marehemu, na ni yeye pia anasaidia kuzika. Kicheko chake hakiitwi uchawi, maana kila mtu anajua kinatoka wapi. Wazee hawakufukuza kila kicheko mu kilio. Waliuliza kwanza: anayecheka ni nani, na anacheka kwa sababu gani? Sisi wa leo tumeshika hukumu, tumeacha swali.

Tunasikia neno lingine, lenye uzito zaidi: mama mwenye kufiwa naye ana moyo. Kicheko kikianguka juu ya kilio chake, kinamuchoma, hata kama ni cha ugonjwa. Hilo hatuwezi kulikana. Lakini maumivu yake hayaponi kwa kumunyima ndugu wa marehemu haki ya kumusindikiza marehemu. Haki zote mbili zinaweza kukaa pamoja kama mtu anasema mapema. Mwenye kuongoza kilio asimame, aseme pasipo kuficha: "Baba huyu ni mgonjwa wa ubongo. Akicheka, mujue analia pamoja na sisi." Maneno machache hayo yanafunga midomo mingi kuliko mlango wa nyumba. Mgonjwa naye akae pembeni, karibu na mtu anayemuzoea. Akisikia inaanza, apumue pole pole, abadilishe namna ya kukaa, ageuze mawazo ku kitu kingine. Pengine inapita.

Na kama mtu mwenye dharau anataka kujificha nyuma ya ugonjwa? Hatakosa. Lakini ugonjwa una alama zake: unaanza kisha kiharusi ao jeraha, unafika gafula, unarudi hata mahali pasipo kitu cha kuchekesha, na mwenyewe anapigana nao. Tena mgonjwa apelekwe kwa munganga, si kwa mwenye kutafuta wachawi. Kuna dawa, kama amitriptilini ao sitalopramu kwa kipimo kidogo, zinazoweza kupunguza vicheko na machozi hayo, hata kama haziponyi jeraha lenyewe. Lakini asijinunulie mwenyewe ku soko: munganga apime kwanza moyo wake na dawa zingine anazokunywa.

Wahenga walisema: hujafa hujaumbika. Tansio haichagui ukoo, na sisi wenye kuhukumu leo tunaweza kupigwa kesho. Lakini haki ya mzee yule haitegemei woga wetu wa kesho. Inategemea jambo moja: kosa ni la mtu aliyetaka, na yeye hakutaka. Ukoo wake ukikutana tena, atumiwe habari kama wengine, awekewe kiti, na aulizwe kwa mdomo kile ambacho uso wake hauwezi tena kusema.